Ukiiuliza tarakilishi siku ya kwanza ni ipi, nani hujibu?

"MWALIMU, hii kompyuta inajuaje kwamba iko Kenya?"

Swali hili niliulizwa mjini Lodwar, katika darasa dogo la vijana wanaojifunza kuandika programu kwa lugha ya C. Nilikuwa mgeni tu pale, nimealikwa kuzungumzia istilahi za Kiswahili za teknolojia. Nilitarajia mjadala wa kawaida: tuseme tarakilishi, kompyuta au ngamizi? Badala yake msichana mmoja kutoka Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, alinigeuzia kioo cha mashine yake nione mwenyewe.

Alikuwa ameipangia tarakilishi hiyo Kiswahili cha Kenya. Kisha akaandika programu ya mistari michache ya kuchapisha jina la siku. Ilikuwa Jumatatu. Mashine ikaandika "Monday".

"Nimeiambia niko Kenya, naongea Kiswahili," akalalamika, "na bado inanijibu Kizungu. Sasa ni nini haielewi?"

Jibu fupi ni kwamba mashine haijui lolote. Huambiwa, ikahifadhi ilichoambiwa, ikangoja kuulizwa. Jibu refu ni historia ya zaidi ya nusu karne, na ndani yake mna suala la lugha ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili, pamoja na wenzetu wasemaji wa Kiturkana, hatuna budi kulitazama.

Mshenga wa programu

Tuanze na utaratibu wenyewe. Kila tarakilishi, na kila simu ya kisasa, ina mfumo endeshi unaosimamia kumbukumbu, saa, faili na vifaa vyote. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuingia katika kiini cha mfumo huo na kujichukulia inachotaka. Lazima itume mshenga. Kwa wanaoandika kwa lugha ya C, mshenga huyo ni maktaba ya C, yaani mkusanyiko wa fanksheni zilizokwisha kuandikwa, ambazo huchukua swali la programu, huupelekea mfumo na kurudi na jibu.

Fanksheni iitwayo uname huuliza: wewe ni mfumo gani na unaitwa nani? Iitwayo sysconf huuliza kuhusu uwezo na mipaka ya mfumo. Kuna getenv, inayosoma maagizo ambayo mtumiaji ameyaacha katika mazingira ya kazi, kama vile lugha anayoitaka. Kuna localtime, inayogeuza hesabu ya sekunde kuwa saa za mahali ulipo. Halafu kuna setlocale na nl_langinfo, ambazo zinahusu lugha moja kwa moja.

Waturkana wakikutana huulizana "Ejoka?", na anayejibu husema "Ejok-noi". Maswali ya programu yana adabu kama hiyo: kwanza mjuane, ndipo kazi ianze. Ila adabu hii haikuanza siku moja na tarakilishi.

Mnamo 1969, katika maabara ya Bell Labs, jimbo la New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix. Miaka michache baadaye Ritchie akabuni lugha ya C, na mnamo 1973 Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Mwanzoni haikuwa na haja ya kuuliza "wewe ni nani?" Mashine zilikuwa chache na wenyewe walijuana. Lakini vyuo vikuu na makampuni yalipata nakala, kila mmoja akaongeza na kupunguza alivyoona vyema. Kufikia miaka ya 1980 kulikuwa na Unix ya AT&T, ya Berkeley na za makampuni mengine kadhaa, mithili ya ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Programu iliyofanya kazi hapa ilikwama pale.

Ndipo swali la utambulisho likawa la lazima. Fanksheni ya uname ilikwisha kuzaliwa Bell Labs katika miaka ya 1970. Berkeley nao, katika toleo lao la 1983, walikuwa na gethostname ya kuuliza jina la mashine. Mnamo 1988 shirika la wahandisi la IEEE lilitoa kiwango cha pamoja kilichoitwa POSIX, jina lililopendekezwa na Richard Stallman. Humo uname ilikubaliwa rasmi kuwa na majibu matano: jina la mfumo, jina la mashine katika mtandao, toleo, nakala ya toleo hilo, na aina ya mashine.

Hapa pana jambo dogo ambalo vijana wa Lodwar walilipenda. Muundo wa zamani wa uname ulitenga nafasi tisa kwa kila jibu, na moja kati ya hizo ni ya alama ya kukomea. Zinabaki herufi nane. Linux yenyewe, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mnamo 1991, ilianza na nafasi hizo tisa kabla ya kuzipanua hadi 65. Basi jaribu kuzipa mashine majina ya miji ya Turkana kwa kipimo cha kale. Lodwar inatosha. Kakuma inatosha. Lokichar inaingia kwa kubanwa, herufi nane kamili. Lokitaung ina tisa, imekataa. Kalobeyei ina tisa, imekataa. Lokichoggio tusiseme.

Hakuna aliyekusudia kuwafungia Waturkana nje. Wale mabwana walipima nafasi kwa majina waliyoyajua na kwa kumbukumbu iliyokuwa ghali. Ndivyo mambo haya yalivyo: aliye mezani hukata nguo kwa kipimo cha mwili wake.

Saa za Nairobi, jua la Lodwar

Je, mashine inajuaje iko Kenya? Mojawapo ya ishara ni saa. Msichana yule alikuwa ameichagulia mashine yake eneo liitwalo Africa/Nairobi, na localtime hulitumia kusoma hifadhi ya kanuni za saa za dunia nzima. Hifadhi hiyo ni daftari la historia. Ukiiuliza saa za siku yoyote ya mwaka wa 1940 nchini Kenya, itakujibu kwamba nchi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Kipimo hicho kilidumu tangu mwanzo wa 1937 hadi mwisho wa Julai 1942, ndipo tukafika kwenye saa tatu tulizo nazo leo. Serikali ya kikoloni ilibadilisha saa za Kenya mara kadhaa, na mashine inakumbuka ilhali watu wengi wamesahau.

Lodwar haina jina lake katika hifadhi hiyo. Jua lake huchelewa kama dakika tano likilinganishwa na la Nairobi, kwa kuwa mji uko magharibi zaidi, lakini saa ni ile ile. Kakuma nako saa imekuwa jambo la kuangaliwa. Mnamo Februari 1, 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu siku hiyo, anayempigia nduguye Juba akiwa Kakuma lazima akumbuke tofauti hiyo. Simu iliyopewa kanuni mpya hujibu sawa, na isiyopewa hudanganya bila kujua kwamba inadanganya.

Lugha ya mashine

Sasa turudi kwa "Monday". Kwa nini mashine iliyopangiwa Kiswahili ilijibu Kiingereza?

Mnamo 1989 Marekani ilipitisha kiwango rasmi cha lugha ya C, na ndani yake kukawa na fanksheni ya setlocale. Kiwango hicho kiliamua kwamba kila programu ya C inapoanza huwa katika hali maalumu iitwayo "C" tu, na majina ya siku na miezi ya hali hiyo ni ya Kiingereza. Haijalishi mtumiaji ameomba lugha gani. Ni mpaka mwandishi wa programu aandike mstari wa kuita setlocale ndipo programu iulize: mwenye mashine hii anataka nizungumze vipi?

Msichana hakuwa ameuandika mstari huo. Akauongeza, akaendesha tena. "Jumatatu." Darasa likapiga makofi.

Makofi hayo yalistahili kuwafikia watu wengine pia. Mashine ilipata neno Jumatatu kwa sababu kuna watu walioketi wakaandika faili linaloitwa sw_KE, la Kiswahili cha Kenya, na jingine sw_TZ, la Tanzania, kwa ajili ya maktaba ya C itumikayo katika Linux. Kazi hiyo ni sehemu ya vuguvugu la mwanzoni mwa karne hii. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka uo huo Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta Windows kwa Kiswahili, na wasomi wa Afrika Mashariki wakashirikishwa kutafuta istilahi. Tulibishana sana wakati ule kuhusu maneno. Kumbe jambo la msingi lilikuwa kwamba nafasi zilikuwa wazi na kulikuwa na watu wa kuzijaza.

Chukua mfano wa herufi N. Programu nyingi humwuliza mtumiaji kama anataka kuendelea, ajibu Y au N. Kwa Mwingereza N ni kukataa. Kwa Mswahili N ni "ndiyo". Anayebonyeza N akidhani amekubali kuhifadhi kazi yake ataiona imepotea. Maktaba ya C ina dawa ya hili: kupitia nl_langinfo, programu inaweza kuuliza, "katika lugha hii, kukubali kunaandikwaje?" Ila jibu litakuwepo pale tu ambapo mtu wa lugha hiyo aliliandika.

Siku ya kwanza ni ipi?

Msichana wa Kakuma hakutosheka. Alikuwa ameona kwamba nl_langinfo ina majina saba ya siku, kuanzia DAY_1 hadi DAY_7. Akaomba DAY_1, akitarajia Jumamosi, maana mosi ni moja. Mashine ikajibu "Jumapili".

"Imekosea tena!"

Haikukosea, na kwa mwanafunzi wa lugha hapa ndipo pana uhondo. Unix ilirithi juma la Kizungu linaloanza Jumapili, na kiwango cha POSIX kikafuata vivyo hivyo. Kiswahili huhesabu baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jamaa kwa Waislamu. Kwa hiyo Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Hapo hesabu inakatika, inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya tano, maana Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Juma letu lina tano mbili! Na mashine inapoulizwa DAY_5 hujibu Alhamisi: inapatana na Mwarabu, ikatofautiana na Mswahili aliyeketi naye mkeka mmoja.

Kakuma inaongeza hesabu ya tatu. Kambi hiyo ilianzishwa mnamo 1992, wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia Kenya. Leo wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na shule za humo hufuata mtaala wa Kenya. Kiswahili kinafundishwa darasani na kusikika sokoni. Lakini Wakongo wengi walikuja na Kiswahili chao. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ni siku ya pili, Jumamosi ni siku ya posho, na Jumapili ni siku ya yenga. Fikiria mama Mkongo anayeambiwa na karani Mkenya aje kliniki "Jumapili", akasikia "pili" na kuelewa Jumanne. Wote wawili wanazungumza Kiswahili, na wote wawili wako sahihi.

Hifadhi ya taarifa za lugha ya shirika la Unicode, iitwayo CLDR, imekitambua Kiswahili cha Kongo na kukipa nafasi yake kando ya kile cha Kenya, Tanzania na Uganda. Wapo wenzangu wanaoona hilo ni kukigawa Kiswahili. Mimi sioni hivyo. Mashine inayomwambia mama yule "siku ya pili" imemsaidia kufika kliniki siku inayofaa, na Kiswahili sanifu hakijapungukiwa na kitu.

Nafasi tupu

Kijana mmoja wa Kiturkana alikuwa kimya muda huo wote. Akaivuta tarakilishi, akafuta sw_KE, akaandika tuv_KE. Herufi tuv ndizo msimbo wa kimataifa wa Kiturkana, kwa hiyo hakubahatisha. Akaendesha programu.

"Monday."

Akaongeza mstari wa kuuliza setlocale imejibu nini. Ikajibu NULL, yaani hakuna kitu. Hivyo ndivyo fanksheni hiyo husema ikiombwa lugha isiyokuwepo: haigombi, haielezi, inakuacha pale ulipokuwa, katika hali ya "C", na majina ya Kiingereza.

Katika maktaba hiyo hiyo limo faili la Kisomali cha Kenya, na la Kioromo cha Kenya pia. Katika CLDR kimo Kiteso, ndugu wa damu wa Kiturkana katika kundi la Ateker. Nilipotafuta tuv sikuiona. Kiteso na lugha nyingine kadhaa za Kenya zilipata nafasi wakati wa vuguvugu la kukusanya taarifa za lugha za Afrika, lililoendeshwa na mtandao wa ANLoc kwa ufadhili wa IDRC ya Canada. Wasemaji waliulizwa majina ya siku na miezi, wakajibu, yakaandikwa. Leo programu ikiuliza jina la Jumatatu kwa Kiteso hupata Nakaebarasa, na Mswahili yeyote atasikia "baraza" mle ndani. Jumanne ni Nakaare, yaani ya mbili. Wateso nao, kama Wakongo, wanaanza hesabu Jumatatu.

Mtu anaweza kuuliza: je, ni hoja kubwa kiasi hicho? Anayejifunza C atajua Kiingereza kwa vyovyote. Ni kweli, naye yule kijana hakuhitaji msaada wa "Monday". Lakini programu atakazoandika kesho ni za watu wengine: ratiba ya chanjo ya mifugo, ujumbe wa simu kuhusu mgao wa maji, tarehe ya kliniki ya mtoto kule Loima au Kibish. Bibi anayesomewa ujumbe huo na mjukuu wake anastahili siku yenye jina analolijua. Kama nafasi ni tupu, kila mwandishi wa programu atajaza yake, huyu hivi na yule vile, na hapo ndipo tutarudi kwenye vurugu ya Unix ya miaka ya 1980, safari hii kwa lugha yetu wenyewe.

Faili lenyewe ni maandishi ya kawaida. Linataka majina ya siku saba, miezi 12, namna ya kukubali na kukataa, jinsi ya kuandika tarehe na fedha. Kuandika ni kazi ya siku chache. Kukubaliana ndiko kugumu. Miezi ya Waturkana, kama Lokwang na Lomaruk, imefungamana na misimu, mvua na malisho. Nani ataamua upi uwekwe penye nafasi ya Januari? Hilo si la mhandisi wa New Jersey, wala si langu mimi mgeni. Ni la wazee, walimu na vijana kama wale, wakiketi pamoja. Na sisi wa Kiswahili, ambao tulitangulia kupata nafasi, tunaweza angalau kuwaonyesha mlango ulipo na makosa tuliyoyafanya tukiingia.

Nilipokuwa nikiaga, yule kijana alikuwa amechana karatasi daftarini na kuandika namba moja hadi saba. Mwenzake alimwambia Nakasabiti ni Jumamosi. Yeye akasema kwao hawaiti hivyo. Msichana wa Kakuma akawaambia waamue haraka, maana yeye ndiye atakayeliandika faili. Niliwaacha wakiendelea kubishana.